Daraja la Oksijeni Mbili

Mtoto aliyefikishwa hospitali ya Kilifi na degedege mwaka 1990 alitundikiwa chupa ya kwinini, na dawa ikadondoka taratibu kwa saa nyingi. Aliyefikishwa miaka michache baadaye huenda alidungwa pajani sindano yenye mafuta, na dawa hiyo iliitwa artemetha. Anayefikishwa leo hufunguliwa kichupa cha unga mweupe. Muuguzi huuyeyusha kwa bikaboneti, akauongezea maji ya chumvi au ya glukosi, akaudunga mshipani: papo hapo, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24. Unga huo ni artesuneti.

Artemetha na artesuneti ni ndugu wa tumbo moja. Mifupa yao ya kaboni ni ileile, na oksijeni tano za mama yao, artemisinini, zimo kwa zote mbili katika mpangilio uleule. Kinachozitenganisha ni kimkia kilichofungwa kwenye kaboni moja. Kimkia hicho hakionekani kwa hadubini ya maabara ya hospitali wala kwa ile kubwa ya chuo kikuu. Hata hivyo ndicho kilichoamua nani apone haraka na nani acheleweshewe dawa ndani ya misuli yake mwenyewe. Namna watu walivyokifikia kitu kidogo kiasi hicho, wakajua kimekaa wapi na kimeelekea upande gani, ni habari ndefu, na haikuanzia Kilifi.

Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 mjini London, William Perkin, alitaka kutengeneza kwinini kwa mikono yake. Wafaransa Pelletier na Caventou walikuwa wameitenga kutoka magome ya msinkona tangu 1820, na wanakemia walishajua hesabu ya atomi zake: kaboni 20, hidrojeni 24, naitrojeni 2, oksijeni 2. Perkin akachukua kampaundi iliyotokana na lami ya makaa, akapiga hesabu kwamba molekuli zake mbili, zikiongezewa oksijeni na kuondolewa maji, zitatimiza jumla ileile. Jumla ilitimia vizuri sana. Alichokipata chomboni kilikuwa tope la rangi ya kutu. Aliporudia jaribio kwa anilini alipata rangi ya zambarau, nayo ikamtajirisha, lakini wagonjwa wa homa hawakufaidi kitu.

Hesabu ya atomi haisemi nani amemshika nani. Atomi zilezile, kwa idadi ileile, zaweza kuunda dawa au kuunda tope. Mpangilio wa kwinini ulikuja kujulikana mwaka 1908 kwa kazi ya Mjerumani Paul Rabe, na hata hapo ilikuwa kazi ya kuivunja molekuli vipande na kukisia kutokana na vipande hivyo ile nzima ilikuwaje. Enzi ile mwanakemia angeweza kumaliza ujana wake wote juu ya molekuli moja.

Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934 na Hans Andersag wa kampuni ya Bayer, na baada ya vita ikaenea duniani kote. Mwambao mzima wa Kenya uliijua kwa uchungu wake na kwa mwasho wake, ule wa kumfanya mtu ajikune usiku kucha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaanza kutoka Afrika Mashariki habari za vimelea visivyokufa kwa dawa hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikuwa wanapima vimelea vya Kisumu na vya Malindi kuona kama bado vinaisikia. Serikali iliendelea nayo hadi 1998, ikahamia SP, ambayo wengi waliiita Fansidar tu. Nayo haikukaa.

Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1989, kitengo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome Trust kilianza kazi katika hospitali ya Kilifi, kikiwa na kina Kevin Marsh na Norbert Peshu. Daraja la Kilifi lilikuwa bado halijafunguliwa, na wa upande wa Mnarani walivuka mkono wa bahari kwa feri, mgonjwa mgongoni. Wodi ya watoto ilijaa malaria. Wazazi wengi wa Kigiriama walikuwa wamepitia kwanza kwa mganga, kwa kuwa degedege lilihesabiwa kazi ya nyuni, yaani pepo wa ndege, si kazi ya mbu. Mwaka 1995 timu hiyo ilichapisha matokeo ya watoto 1,844 waliolazwa na malaria, ikaonyesha kwamba dalili mbili, kupotewa na fahamu na kupumua kwa shida, ndizo zinazowabainisha wengi wa walio hatarini kufa. Dalili ya pili itarudi katika habari hii.

Dawa iliyotafutwa Kilifi ilikuwa imekwisha kupatikana Uchina. Uchina na Malindi wanajuana zamani. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpelekea mfalme Yongle twiga, na vipande vya kaure ya Kichina hadi leo vinafukuliwa Mambrui na Gedi. Twiga yule alipofika, tayari ulikuwa umepita muda wa miaka elfu moja tangu tabibu Ge Hong aandike namna ya kutibu homa za vipindi kwa mmea wa qinghao: konzi moja ilowekwe majini, ikamuliwe, na maji yake yanywewe yote. Mmea huo ni wa jamii ya pakanga. Napenda kudhani kwamba baharia mmoja wa Zheng He, amiri wa meli za Yongle, aliwahi kuteremka pwani yetu na fungu lake la pakanga kavu. Ushahidi sina, na haidhuru.

Tarehe 23 Mei 1967, kwa siri, jeshi na wanasayansi wa Uchina walianzisha mradi wa kutafuta dawa za malaria kwa ajili ya askari wa Vietnamu ya Kaskazini. Uliitwa 523, kwa mwezi na siku yake. Mwaka 1969 Tu Youyou, mfamasia wa Beijing, akatiwa humo. Alipitia maelfu ya maagizo ya waganga wa kale, na dondoo nyingi alizokamua hazikufanya kazi. Akarudi kwa Ge Hong, akazingatia kwamba tabibu yule hakuchemsha, aliloweka tu. Huenda moto ndio ulioua dawa. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli nambari 191 iliwaponya panya wote wa maabara. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Novemba 1972 wakapata fuwele safi.

Hapo ndipo fumbo lilipoanza. Mwaka 1974 fuwele zilifikishwa kwa Zhou Weishan na wenzake katika taasisi ya kemia ya ogani mjini Shanghai. Spektrometa ya masi, chombo kinachozivunja molekuli na kupima uzito wa vipande, ilitoa 282. Fomula ikawa kaboni 15, hidrojeni 22, oksijeni 5. Naitrojeni hakuna hata moja, ilhali kwinini, klorokwini na nyingi ya dawa za malaria zilizokuwa zikijulikana zina naitrojeni. Miale ya infraredi ikafuata. Kila kifungo cha atomi hutetemeka kwa kasi yake na kumeza mwale unaolingana nayo, na hapa mwale wa 1745 ulimezwa sana, ishara ya laktoni, yaani pete inayoshika oksijeni mbili. Oksijeni tatu zikabaki hazina kwao.

Wakaigeukia sumaku. Kiini cha hidrojeni kikiwekwa ndani ya sumaku kali kikachokozwa na mawimbi ya redio, hujibu kwa sauti inayotegemea majirani zake, na kila hidrojeni iliyo kwenye kaboni ya jirani huupasua mstari wa jibu lake. Hidrojeni moja ya artemisinini ilijitokeza mahali pa 5.68, mstari mmoja tu, haukupasuka hata kidogo. Maana yake ilikaa kwenye kaboni isiyo na jirani mwenye hidrojeni, na mahali penyewe palionyesha kwamba kaboni hiyo imeshika oksijeni mbili. Vipande vilikuwa vinapatikana kimoja kimoja, lakini kila mchoro uliochorwa kuviunganisha ulikuwa na kasoro.

Mwanya ulipatikana katika mkutano wa mradi huo mwezi Aprili 1975. Wenzao walieleza kuhusu mmea mwingine wa dawa, yingzhao, kwamba kampaundi yake ina peroksidi, yaani oksijeni mbili zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Kifungo cha namna hiyo ni dhaifu. Wanakemia wengi wangekitarajia katika kemikali ya kulipua kabla ya kukitarajia katika jani. Timu ya Shanghai ikajaribu fuwele zake kwa iodidi, na iodini ikatoka. Peroksidi ilikuwemo.

Kujua kwamba kitu kimo si sawa na kujua kilipo. Kwa hilo ilihitajika eksirei, na kazi ikahamia taasisi ya biofizikia ya Beijing. Anayesimama ufukweni Malindi bahari inapochafuka huona mawimbi yakipenya milango ya mwamba, kila mlango ukizaa mawimbi mapya yanayotanuka na kukutana na ya mlango wa pili: mahali pengine yanainuana, pengine yanauana. Aliye hodari angeweza kusoma maji yaliyo ndani ya mwamba akajua milango iko wapi bila kuiona. Fuwele huwafanyia hivyo eksirei. Atomi zake zimepangwa safu kwa safu, miali inayotoka humo huacha madoa mamia kwenye filamu, na kutoka kwa nguvu ya kila doa hupigwa hesabu hadi atomi zitokee mahali pake.

Watu wa Beijing hawakuwa wanagenzi. Mwaka 1971 walikuwa wamefumbua muundo wa insulini, na Liang Dongcai, mmoja wa viongozi wao, alikuwa amefanya kazi Oxford kwa Dorothy Hodgkin, mama aliyeifumbua penisilini na vitamini B12 kwa njia hiyo. (Hodgkin alipotangazwa mshindi wa Nobel mwaka 1964, habari ilimkuta Ghana, alikokuwa kwa mumewe, mwanahistoria wa Afrika.) Mwishoni mwa Novemba 1975 mifupa ya artemisinini ilikuwa imeonekana: pete zilizopandana, na juu ya pete moja, kama daraja, oksijeni mbili zilizoshikana. Makala ilitoka 1977 bila jina la mtu yeyote, ikiwa na jina la kikundi tu.

Daraja hilo ndilo dawa. Kimelea cha malaria hula himoglobini ya damu, na ulaji huo huacha chuma. Artemisinini ikikutana na chuma hicho daraja hukatika, na vipande vyake vikali hushambulia chochote kilicho karibu. Ikiondolewa oksijeni moja tu ya daraja, kampaundi inayobaki haifai kwa malaria, ijapokuwa kwa macho ni unga mweupe uleule.

Sasa ungeweza kuigusa molekuli penye nafasi bila kugusa daraja. Tu alikuwa amekwisha kuanza kabla hata ramani haijakamilika: mwaka 1973 aliipunguza kabonili ya laktoni kwa borohidridi, mwale wa 1745 ukatoweka kwenye infraredi, na daraja, kwa mshangao wa wengi, likasalimika. Hiyo ni dihidroartemisinini. Mwaka 1976 Li Ying wa Shanghai aliifunga kimkia kidogo cha methili, ikawa artemetha, inayoyeyuka katika mafuta. Mwaka 1977 Liu Xu, katika kiwanda cha dawa cha Guilin, aliifunga kimkia chenye tindikali, ikawa artesuneti, inayoyeyuka katika maji ikigeuzwa chumvi.

Lakini kimkia chaweza kuelekea juu au chini, na mikia miwili ya fomula moja inaweza kuwa dawa mbili tofauti. Sumaku ilitoa jibu la kwanza, kwani hidrojeni ya kaboni hiyo hupasuka kwa upana tofauti: kama hetzi 3.5 kwa upande mmoja, na 9 au zaidi kwa wa pili. Jibu la kukata shauri lilitoka Marekani mwaka 1984. Luo Xuan-De na wenzake walizipeleka fuwele kwa Judith Flippen-Anderson na Richard Gilardi katika maabara ya jeshi la majini mjini Washington, nyumbani kwa Jerome Karle. Doa la eksirei hueleza nguvu ya wimbi lakini halielezi limefika likiwa kilele au bonde, na Karle na Herbert Hauptman walikuwa wamepata hesabu ya kulirudisha hilo. Mwaka uliofuata walipewa Nobel. Ikathibitika kwamba kimkia cha artemetha kiko upande wa beta, cha artesuneti upande wa alfa.

Mtu wa Kilifi ana haki ya kuuliza vimkia hivyo vinamhusu nini. Twende wodini.

Artemetha ilifika kwanza. Mwaka 1996 watafiti wa Kilifi walichapisha jaribio la watoto 160 wenye malaria ya ubongo, wengine wakipewa artemetha na wengine kwinini. Mwaka huohuo Gambia ilitoa jaribio la watoto 576. Kokote kule artemetha haikupunguza vifo. Kwa dawa iliyokuwa inaua vimelea haraka kiasi kile, matokeo hayo yaliwasononesha wengi. Kilifi hawakuishia hapo. Walipima dawa katika damu ya watoto, na mwaka 1997 wakaeleza kwamba ilikuwa inafika damuni kwa viwango visivyotabirika, na chini zaidi kwa watoto waliopumua kwa shida, wale wale wa dalili ya pili. Mtoto ambaye damu yake haizunguki vizuri anaachiwa mafuta pajani, na mafuta hayaondoki. Molekuli haikuwa na kosa katika daraja lake. Tatizo lilikuwa methili, na mafuta iliyoyalazimisha.

Artesuneti inaingia mshipani moja kwa moja. Mwaka 2005 jaribio la watu 1,461 katika nchi nne za Asia lilionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 22 kwa kwinini hadi 15. Afrika ikataka uthibitisho wake, kwa sababu watoto wetu si watu wazima wa Asia. Kuanzia Oktoba 2005 hadi Julai 2010 watoto 5,425 waliingizwa katika jaribio kubwa la nchi tisa: Kilifi ilikuwemo, na Muheza na Korogwe upande wa Tanga, na Mbarara kule Uganda. Kwinini ilipoteza asilimia 10.9, artesuneti 8.5. Katika kila watoto elfu, 24 zaidi walirudi nyumbani. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaiagiza kuwa dawa ya kwanza ya malaria kali ya watoto.

Artemetha nayo haikutupwa. Mgonjwa anayeweza kumeza hana haja ya mshipa, na ikiunganishwa na lumefantrini, uvumbuzi mwingine wa mradi wa 523, ikawa AL, vile vidonge vya manjano vilivyoanza kugawiwa Kenya mwaka 2006. Lakini tusiipe kemia sifa isiyo yake: kati ya 1999 na 2007 watoto wanaolazwa kwa malaria walipungua kwa asilimia 63 Kilifi, 53 Kwale, na 28 Malindi, na upungufu huo ulianza kabla vidonge havijaenea. Vyandarua vina sehemu yao, na mengine bado yanabishaniwa.

Shida ya AL ni shamba. Pakanga ya Kichina hupandwa, huvunwa, hukaushwa, na wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda walioipanda kwa ajili ya kiwanda cha Athi River waliona bei ikipaa halafu ikiporomoka ndani ya miaka michache. Jonathan Vennerstrom wa Nebraska na wenzake waliuliza swali ambalo lisingeulizika kabla ya 1975: ikiwa daraja ndilo dawa, mmea wa nini? Mwaka 2004 walitangaza katika jarida la Nature kampaundi iliyoundwa yote maabarani. Ina daraja la oksijeni mbili, upande mmoja umelindwa na kizimba cha kaboni kumi, upande wa pili una pete yenye kimkia chake. Iliitwa arterolane. Kimkia kingeweza kukaa sisi, yaani upande mmoja, au transi, yaani upande wa mkabala, na kama mara ya kwanza, fuwele ndizo zilizoulizwa. Aliyesoma eksirei za kampaundi za jamii hiyo alikuwa Jean Karle wa taasisi ya Walter Reed, binti wa Jerome na Isabella Karle. Kimkia kilikaa sisi.

Arterolane ilianza kuuzwa India mwaka 2012 ikiunganishwa na piperakwini. Kati ya Machi 2018 na Mei 2019 watoto 217 wa miaka 2 hadi 12 walioumwa malaria isiyo kali waligawiwa makundi matatu katika hospitali ya Kilifi: AL, au arterolane na piperakwini, au hizo mbili pamoja na meflokwini. Mainga Hamaluba na wenzake walitoa matokeo mwaka 2021: dawa ya watu haikushindwa na dawa ya mmea. Wakati huo Rwanda na Uganda zilikuwa zimekwisha kuripoti vimelea vyenye mabadiliko ya jeni ya kelch13, vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, na hofu ya usugu wa namna hiyo ndiyo iliyokuwa imefanya ijaribiwe dawa ya tatu juu ya zile mbili. Zahanati za kaunti bado zinagawa AL.